Nimepewa "Core i7 mpya" kwa 1,350,000. Ninunue?

"Habari za kazi mtaalamu. Nina steshenari ndogo Morogoro, karibu na chuo. Nachapa barua na ripoti, natoa picha za pasipoti, natengeneza kadi za harusi kwa Photoshop, na msimu ukifika nawajazia wanafunzi maombi ya mkopo na vijana wa Ajira Portal. Kompyuta yangu imekufa, monita yake tu ndiyo bado nzima. UPS ya kushika umeme ukikatika sina. Mwanangu wa kidato cha tano naye anataka ahariri video anazorekodi kwa simu. Winga mmoja wa Kariakoo amenitumia picha: Core i7, RAM 16GB, SSD 512GB, graphics 4GB, monita inchi 24, mpya kwenye boksi, waranti miezi sita, 1,350,000. Duka jingine lina HP ProDesk ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 8, RAM 8GB, SSD 256GB na monita inchi 19, kwa 650,000. Duka la tatu wana kompyuta mpya ya kampuni yenye Core i3-12100, RAM 8GB na SSD 512GB, 1,300,000 bila monita. Shemeji yangu anasema i3 ni ya watoto, nichukue i7 kabla haijaondoka. Winga anataka nitume laki moja ya kuishikilia. Nina 1,400,000 tu. Je, hiyo i7 ni bei nzuri kweli?"

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla hujatuma hiyo laki moja. Ndani ya ujumbe wako naona maswali mawili: kwanza, kama hiyo i7 ni mpya kweli, pili, kompyuta ipi kati ya hizo tatu itakulisha wewe na steshenari yako bila kukumaliza mtaji. Nianze na la kwanza, maana ndilo lenye mtego.

Tangazo ulilotumiwa limetaja kila kitu isipokuwa kile kimoja kinachopanga bei: namba ya prosesa, kile kipande kinachofikiri ndani ya kompyuta. "Core i7" ni jina ambalo Intel walianza kulitumia mwaka 2008, wakaendelea nalo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Ni sawa na mtu kukwambia anauza Corolla halafu asitaje ya mwaka gani. Umri unasomeka kwenye tarakimu zinazofuata baada ya i7. i7-2600 ni ya 2011. i7-4770 ni ya 2013. i7-6700 ni ya 2015, i7-8700 ya 2017, na i7-12700 ni ya zama moja na ile i3-12100 ya duka la tatu, iliyotoka mwanzoni mwa 2022. Namba ikiwa na tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi. Ikiwa na tano, zichukue mbili za kwanza. Kwa hiyo mtu anayekwambia "i7" na kunyamaza, bado hajakwambia kitu.

Hapo ndipo shemeji yako alipokosea, na hayuko peke yake. i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. Ukivuka kizazi, madaraja hayo hayalingani tena. Chukua i7-4770 uiweke kando ya i3-12100. Zote zina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi sambamba, zote zinashughulikia nyuzi nane za kazi kwa wakati mmoja, na kasi zao zilizoandikwa zinakaribiana: moja inaanzia GHz 3.4, nyingine 3.3. Kwa macho ya haraka, ile ya zamani ndiyo bora. Lakini GHz inahesabu mapigo tu, haihesabu kazi inayofanyika katika kila pigo. Katika miaka tisa iliyozitenganisha, wahandisi walipanua njia za ndani ya prosesa, wakaongeza kumbukumbu ndogo iliyo karibu na kila kiini, na wakaifanya prosesa ikisie vizuri zaidi amri inayofuata. Matokeo yake, kwenye kazi inayotegemea kiini kimoja, kama kufungua faili kubwa la Photoshop na kuweka kichujio, hiyo "i3 ya watoto" huizidi i7-4770 kwa zaidi ya nusu. Na umeme inakula kidogo: moja ilisanifiwa kwa wati 84, nyingine kwa wati 60.

Sasa utauliza: prosesa ya 2013 inauzwaje "mpya kwenye boksi"? Njia yake ni rahisi. Uchina bado kuna viwanda vinavyotoa mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) mpya za aina ya H61 na H81, zilizokusudiwa prosesa za kizazi cha 2 hadi cha 4. Maofisi ya Ulaya na Marekani yanapotupa kompyuta zake, prosesa huchomolewa, na prosesa ni kifaa kisichochakaa haraka. Ichomeke kwenye mazabodi mpya, weka RAM (kumbukumbu ya kazi) za DDR3, aina ya zamani, zilizotoka kwenye mashine hizohizo, ongeza SSD (diski ya kuhifadhia) isiyojulikana imetoka kiwanda gani, funga yote ndani ya keisi mpya yenye kioo na taa za rangi. Kila unachokiona kwa nje ni kipya. Ulichokilipia, yaani kile kinachofikiri ndani, kina umri wa mwanafunzi wa sekondari.

Sisemi kila mwenye kuuza mashine ya namna hiyo ni tapeli. Ikiuzwa kwa bei yake, kwa jina lake, ina mteja wake: mtu wa kuandika barua tu na kusikiliza mawaidha YouTube hana ubaya nayo. Kinachoniudhi ni kuiuza kwa bei ya kompyuta mpya kwa mama anayetoa akiba ya biashara.

Yale mengine ya tangazo yapime vivyo hivyo. RAM 16GB inavutia, lakini uliza ni DDR3, DDR4 au DDR5. DDR3 ya mtumba ni rahisi, ndiyo maana inaongezwa bila huruma ili namba iwe kubwa. "Graphics 4GB" huwa ni moja kati ya mambo matatu. Mara nyingi ni RAM ileile ya kompyuta ambayo Windows inaruhusu picha ziiazime, kwa hiyo hujaongezewa chochote. Mara nyingine ni kadi ndogo kama GT 730, ya mwaka 2014, ambayo kwa kazi zako haina msaada wa maana. Na zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi kubwa. Kadi ya kweli yenye nguvu ingetajwa kwa jina lake kamili, maana ndiyo ingekuwa fahari ya tangazo.

Kuna sababu mbili za kazini kwako zinazonifanya niiogope mashine ya kizazi cha 4 hata ingekuwa ya bei nafuu. Ya kwanza ni Windows. Microsoft walisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kuja juu, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mafundi wanajua kuilazimisha iingie kwenye mashine za zamani, na itawaka, lakini Microsoft hawaahidi kwamba masasisho yataendelea kuja. Kwa mtu wa nyumbani hilo linaweza kuvumilika. Wewe unapokea namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa na nywila za watoto wa watu. Kompyuta isiyopata masasisho ya usalama, tena yenye Windows iliyovunjwa kufuli, haifai kukaa kwenye meza hiyo.

Ya pili ni video za mwanao. Simu nyingi za siku hizi, iPhone zikiwemo, hurekodi kwa mfumo wa HEVC, unaojulikana pia kama H.265, kwa sababu unabana faili liwe dogo. Kuufumua mfumo huo ni kazi nzito. Prosesa zenye graphics za ndani kuanzia kizazi cha 7 zina sehemu maalumu inayoufumua bila jasho. Kizazi cha 4 haina sehemu hiyo kamili, hivyo viini vyote vinaingia shambani, feni inalia, na picha inakatakata kila kijana anapoburuza video kwenye programu. Atadhani hajui kuhariri, kumbe ni mashine.

Basi muulize winga maswali machache, kwa maandishi: namba kamili ya prosesa, aina ya RAM, jina la mazabodi, na kama kuna kadi ya graphics, jina lake. Mwambie akutumie picha ya skrini: abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aingie sehemu ya Performance. Jina la prosesa litaonekana juu upande wa kulia. Sehemu ya GPU, yaani graphics, nayo itaonyesha kumbukumbu ya kadi yenyewe kwenye mstari wa Dedicated na ile ya kuazima kwenye mstari wa Shared. Winga anayejua anachouza atakujibu kwa dakika tano. Akianza kukwambia "dada hii mashine ni moto, wewe lipa tu," umeshapata jibu.

Ukiwa dukani uso kwa uso unaweza kwenda mbali zaidi, kwa sababu jina linaloonekana kwenye Windows linaweza kuchezewa. Nenda na flashi yenye programu mbili za bure. CPU-Z inasoma prosesa na mazabodi zenyewe. Ukiona H61 au H81 kwenye ukurasa wa mazabodi, mjadala wa upya umekwisha. CrystalDiskInfo inakuonyesha afya ya diski na saa ilizowashwa tangu izaliwe. Diski ya kompyuta mpya huwa na saa chache sana. Ukikuta maelfu, imeshafanya kazi kwa mtu mwingine. Kisha fungua dirisha la amri, andika slmgr /xpr. Likija jibu kwamba Windows imewezeshwa kwa kudumu (permanently activated), ni dalili njema. Likikupa tarehe ya mwisho ndani ya miezi sita, kwa kawaida ni ile njia ya ujanja ambayo hujirudia kila siku 180.

Tuingie kwenye zile mbili nyingine, maana hapo ndipo uamuzi wako ulipo hasa.

HP ProDesk ya mtumba ni mashine ninayoiheshimu. ProDesk, OptiPlex za Dell na ThinkCentre za Lenovo zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi yanayowasha kompyuta asubuhi na kuzima jioni miaka nenda rudi. Chuma chake ni imara, hewa inapita vizuri, na inafunguka bila shida. i5 ya kizazi cha 8, kama i5-8500 ya 2018, ina viini sita. Kwa kazi nyingi inaipita i7-4770 bila ubishi. Inakubali Windows 11, inafumua HEVC, na kama ilitoka kiwandani na Windows, leseni yake imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, hivyo hata ukisafisha diski na kuiweka upya inajitambua. Hakikisha tu namba ya prosesa inaanza na 8 kweli. i5-6500 na i5-8500 zinakaa kwenye maboksi yanayofanana sana, na tofauti ya tarakimu moja hapo ndiyo tofauti ya kupata Windows 11 au kuikosa.

Ubaya wake niuseme pia. Waranti ya mtumba mara nyingi ni neno la muuzaji tu. Pawa saplai ya hizi HP si ile ya kawaida inayopatikana kila duka. Ikiungua, utatafuta ya HP yenyewe. Keisi zake ndogo hazipokei kadi kubwa ya graphics. Na 2018 si jana: Microsoft wakipandisha masharti tena, kizazi cha 8 kitakuwa cha kwanza kuachwa. Ihesabie miaka minne ya kazi ya amani. Ikizidi ni faida.

Ile ya duka la tatu ndiyo mpya kwa maana halisi. Ina waranti ya kampuni, na prosesa yake ina maisha marefu mbele. Hakikisha mwisho wa namba hakuna herufi F, kwa sababu i3-12100F haina graphics za ndani kabisa na itahitaji kadi. Angalia pia kama monita yako ya zamani ina HDMI. Kama ina VGA peke yake, utahitaji kigeuzi, kitu kidogo tu lakini kitakuchelewesha siku ya kwanza usipojiandaa.

Fanya hesabu kwa mwaka. ProDesk ni 650,000. Ongeza kipande kingine cha RAM 8GB, tuseme 150,000, upate 16GB. Vipande viwili vikikaa pamoja kompyuta inasoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na graphics za ndani zinafurahi sana kwa hilo. Jumla 800,000 kwa miaka minne ni 200,000 kwa mwaka. Ile mpya, ukiiongezea RAM hiyohiyo, inafika 1,450,000. Kwa miaka saba ni kama 207,000 kwa mwaka. Zinalingana! Kwa hiyo thamani ya pesa peke yake haiamui. Kinachoamua ni mfuko wako leo: una 1,400,000, ya tatu ikishawekwa RAM inapita hapo, na UPS bado.

Kuhusu UPS nitakuwa mkali kidogo. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika katikati ya ripoti ya mwanafunzi, kazi inapotea. Ukirudi kwa kishindo, pawa saplai ndiyo inayopokea kofi la kwanza. Kompyuta ya 650,000 yenye UPS ni mali salama kuliko ya milioni moja na laki tatu iliyochomekwa moja kwa moja ukutani. UPS ndogo ya VA 650 inatosha kompyuta na monita, ikupe dakika za kuhifadhi na kuzima taratibu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo, kwani inapopasha moto huvuta umeme mwingi ghafla na kuielemea.

Kwa hali yako, basi, mimi ningechukua ProDesk. Ningejadiliana waiweke RAM 16GB ndani ya bei au karibu nayo, na ningefanya hivyo mapema, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM duniani imepanda sana baada ya watengenezaji kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Ningenunua UPS, na diski ya nje ya kuhifadhia nakala za kazi za wateja. Utabaki na pesa ya karatasi na wino, vitu ambavyo kesho asubuhi vinakuingizia hela. Monita ya inchi 19 itumie kwa kuchapa. Ile yako ya zamani ikiwa kubwa zaidi, iweke pembeni uchomeke zote mbili, fomu ya mwombaji upande huu na vyeti vyake upande ule. Ukizoea hivyo hutarudi nyuma.

Ningebadili ushauri katika hali mbili. Kama unaweza kusubiri hadi msimu wa maombi upite na ukaongeza laki nne hivi, chukua ile mpya pamoja na UPS, na usijute. Na kama winga atathibitisha kwa picha na CPU-Z kwamba i7 yake ni ya kizazi cha 12 na RAM ni DDR4 au DDR5, bei hiyo pamoja na monita ingekuwa ya chini kuliko ninavyotarajia, na hapo ningetaka kujua mzigo umetoka wapi kabla ya kutoa senti.

Kuhusu video, mwanao akiwa anahariri za 1080p (Full HD), ProDesk yenye 16GB inamtosha kabisa kujifunzia. Za 4K, zenye picha kubwa zaidi, zitaichosha. Akianza kupata kazi za kulipwa ndipo mzungumzie mashine yake mwenyewe yenye kadi ya graphics. Usiibebeshe steshenari mzigo huo sasa.

Usinunue yoyote kwa picha peke yake. Nenda na fundi asiyelipwa na duka hilo, hata mwalimu wa TEHAMA wa chuo jirani au kijana aliyesoma VETA, umpe nauli na chakula chake. Mwambie aiwashe nusu saa na video ikicheza, asikilize feni, achomeke kitu kwenye kila tundu la USB, na afungue kifuniko aangalie kama kuna vibati vidogo vya silinda vilivyovimba kwenye mazabodi. Na siku yoyote ukisikia harufu ya kuungua nyumbani, zima, chomoa, usifungue pawa saplai mwenyewe. Inaweza kubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa. Hiyo ni ya fundi.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya prosesa, RAM na namba ya mashine, pamoja na muda wa waranti. "Kompyuta 1" haitoshi. Kwa risiti kamili, duka likikataa kurekebisha kitu ambacho si kile walichokuuzia, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia masuala ya walaji na bidhaa bandia. Hiyo laki moja usiitume. Kama ulishaituma kabla ya kusoma haya, mwandikie winga leo kwamba unataka namba ya prosesa au pesa yako, na utunze ujumbe wa muamala pamoja na tangazo lake lenye maneno "mpya kwenye boksi".